Maneno ya Kumpachika Mama Mkwe

Sista alikuwa mkunga katika wodi ya wazazi, mwanamke mwenye mikono mitulivu na mdomo usiotulia. Hospitalini hakuna aliyemwita kwa jina lake, na hata mumewe, fundi wa majokofu, alianza kumwita Sista tangu siku za uchumba, likamganda. Wodini alisifika kwa jambo moja: watoto njiti, wale wanaozaliwa kabla ya wakati wao na kutosha kwenye kiganja, walikuwa wakitulia wakiguswa naye. Ndiyo maana ilipotangazwa nafasi ya kwenda ng'ambo mwaka mzima kujifunza malezi ya njiti, Metroni alimtaja yeye kabla hata hajamaliza kusoma tangazo.

Kikwazo kilikuwa Kiingereza. Si kwamba hakukijua. Alikisomea chuoni, na ripoti za zamu aliziandika kwacho. Lakini kilikuwa Kiingereza cha wodini: joto limepanda, joto limeshuka, mama anaendelea vizuri. Alipofanya mtihani wa lugha mara ya kwanza, aliulizwa kuhusu soko analopenda, akasema ni "very nice". Akaulizwa kuhusu safari aliyowahi kufanya, nayo ilikuwa "very nice". Akaulizwa kuhusu mito iliyochafuliwa na viwanda, akaona haya kuirudia, akasema ni "very bad". Matokeo yalipokuja, sehemu zote zilikuwa zinapumua isipokuwa msamiati, ambao ulikuwa mahututi.

Basi akajiunga na darasa la jioni, katika chumba kilichokuwa juu ya duka la fotokopi. Mashine ikianza kazi kule chini, madawati ya juu yalitetemeka. Mwalimu alikuwa kijana mwembamba waliyempa jina la Profesa, aliyefundisha huku ameegemea ukuta kana kwamba anauzuia usianguke.

"Msikariri," Profesa aliwaambia. "Maneno ya kukariri yatawakimbia mlangoni mwa chumba cha mtihani. Kila neno mnalopata hapa, mkitoka tafuteni mtu mumpachike siku hiyohiyo. Ukiliona lile neno, umwone na yule mtu. Hapo halikutoki tena."

Sista alitoka darasani akifikiria nani wa kumpachika. Hakufikiria sana.

Mama mkwe wake alikuwa amekuja kutibiwa macho, akae wiki mbili arudi kwake. Macho yakapona, na yalipopona akabaki ili ayatumie. Aliona vumbi lililokuwa limeishi kwa amani juu ya kabati. Aliona kitufe kilicholegea kwenye shati la mwanawe akiwa bado yuko ngazini. Akionja mchuzi wa Sista, alifumba macho kidogo, kisha akasema chumvi imepita tu, haikukaa. Fundi, ambaye aliweza kulisemesha jokofu lolote bovu mpaka likanguruma tena, mbele ya mama yake alikuwa bubu.

Neno la siku ile lilikuwa "cantankerous". Profesa alikuwa amelieleza vizuri: ni mtu mwenye kisirani, anayegomba na kila kitu, hata kiti alichokikalia. Sista alipoingia jikoni alimkuta mama mkwe ameshahamisha vikombe vyote kutoka rafu ya chini kwenda ya juu, na sahani kutoka juu kwenda chini.

"Vilikuwa vimepangwa na mtu mwenye haraka zake," mama mkwe alisema bila kuulizwa.

Sista akavuta pumzi. Kisha, kwa sauti ileile ya kumbembeleza mzazi anayeogopa sindano, akasema, "Mama, kwa kweli wewe ni cantankerous."

Mama mkwe akageuka na kikombe mkononi. "Nani huyo?"

"Wewe, Mama. Ni neno la Kiingereza, tumefundishwa leo."

"Lina maana gani?"

Hapo angeweza kujiokoa. Angeweza kusema hata yeye bado hajalielewa. Lakini ulimi ulishatangulia. "Ni mama mwenye heshima zake. Yule ambaye akiingia mahali, watu wote wanakaa sawa."

Mama mkwe alilitafuna lile neno polepole kama mtu anayetafuta mwiba kwenye samaki. "Kantankarasi," alisema. Akalirudia. Kisha akanyoosha mgongo. "Hilo limenikaa."

Usiku ule Sista alilala akicheka ndani ya mto, na asubuhi neno lilikuwa bado lipo kichwani, zima kabisa. Profesa alikuwa mkweli. Tangu siku ile akaanza kuingia darasani na njaa ya maneno. Alipofundishwa "garrulous", mtu ambaye maneno yake hayana breki, alirudi akamkuta mama mkwe anazungumza na simu huku chungu kinaungua. Akampachika, na alipoulizwa maana akasema ni mtu anayependwa kusikilizwa. "Obstinate", mtu mkaidi, likawa mtu imara. "Inquisitive", mtu wa kupekua ya wengine, alimpa siku alipomkuta ameumwaga mkoba wa mkwe wake kitandani, eti anaupanga. Hilo alilitafsiri kuwa ni mtafiti.

Kulikuwa na maneno mengine pia. Profesa aliwafundisha neno la mtu mkarimu, la mtu mpole, la mtu mwenye subira. Hayo Sista aliyabeba hadi mlangoni pa nyumba, akamtazama mama mkwe, asione pa kuyapachika. Kufika asubuhi yalikuwa yameyeyuka.

"Siku moja atakutana na mtu anayejua Kiingereza," Fundi alimwonya. Alikuwa amekaa chini sebuleni, kichwa ndani ya jokofu la mteja.

"Atakutana naye wapi? Mama yako haendi popote."

"Watu wanakuja kwake," kilisema kichwa kutoka ndani ya jokofu.

Kweli walikuja. Nyuma ya nyumba yao kulikuwa na shule ya msingi, na kati ya uwanja wa shule na ua wao kulikuwa na wavu tu. Mama mkwe alikuwa amekosoa mengi kupitia wavu ule: mbio za wanafunzi, mashairi yao, jinsi kengele ilivyogongwa bila nguvu. Mwanzoni walimu walimkwepa. Baadaye wakaanza kumjia wenyewe kusikia leo ameona nini. Mwalimu mkuu, mama mnene mwenye kicheko cha kifuani, alifikia hatua ya kumletea kiti chake upande wa pili wa wavu. Kwa hiyo alipostaafu, na shule ikaandaa sherehe ya kumuaga, mama mkwe aliombwa aseme maneno machache kwa niaba ya majirani.

Sista alikwenda, amekaa mstari wa tatu na mumewe, amevaa gauni lake zuri. Mama mkwe alisimama, akaikataa maikrofoni, kisha akaichukua.

"Nimewajua walimu wakuu wengi," alianza. "Wengine walikuwa wapole mno, watoto wakawapanda kichwani. Wengine walikuwa wakali bila akili. Lakini huyu wetu ni kitu kingine. Mimi sikusoma Kiingereza, ila nina mkwe anayekisoma, na amenifundisha neno linalomtosha mama huyu." Akavuta pumzi. "Mwalimu, katika maisha yangu sijawahi kumwona mwanamke kantankarasi kama wewe."

Wengi wakapiga makofi. Mwalimu wa Kiingereza akainama ghafla kutafuta kitu chini ya kiti. Mgeni rasmi, mkaguzi wa elimu, alikuwa anakunywa maji, na maji yakapita njia isiyo yao. Mama mkwe, akidhani hawakusikia vizuri, akalirudia.

"Kantankarasi," alisema, akiitenga kila silabi. "Kupita hata mimi."

Sista alitamani sakafu ipasuke immeze. Alimtazama mwalimu mkuu. Yule mama alikuwa amekodoa macho, kisha uso ukaanza kutetemeka, kisha kile kicheko cha kifuani kikatoka chote, na ukumbi mzima ukacheka naye bila kujua unacheka nini. Baada ya chakula, Sista aliwaona wawili wale wamekaa kando, vichwa vimekaribiana. Mwalimu mkuu alikuwa akieleza jambo huku anapangusa machozi. Mama mkwe alikuwa anasikiliza, mikono juu ya mapaja, bila kucheka.

Njiani kurudi Sista alisubiri radi. Haikupiga.

"Sherehe nzuri," mama mkwe alisema tu. "Mwalimu amefurahi sana."

Fundi alimtazama mkewe. Mkewe akatazama barabara.

Asubuhi iliyofuata mama mkwe alikuwa ameshaamka, amekaa pale mezani na kikombe chake cha chai. "Umeamkaje, insulenti wangu?" alisema kwa upole.

Sista alisimama na kiatu kimoja mkononi. Akili ya kazi ndiyo iliyotangulia. Insulini ni dawa ya kisukari, na mtu wa umri ule kuitaja bila sababu si jambo la kupuuza. "Mama, unasikia kiu sana siku hizi?"

"Kiu ya nini?"

"Unaamka kwenda chooni mara kwa mara?"

"Naamka ninapotaka."

Sista hakuridhika. Alimpeleka hospitali siku hiyohiyo, akapimwa sukari, ikaonekana safi kama ya msichana. Mama mkwe alikubali kila kitu, akanyoosha kidole kichomwe, akawasalimia wahudumu wote mmoja mmoja. Walipotoka alimshukuru mkwe wake kwa kumjali. Sista akapumua. Kumbe bibi wa watu hajui lolote, alijiambia. Mwalimu mkuu amemfichia aibu.

Kesho yake salamu ilikuwa nyingine. "Kazi njema, dupulisita."

Neno hilo alikwenda nalo kazini. Wakati wa chai aliwaeleza wenzake, na wodi nzima ikaingia kazini. Mmoja alisema bila shaka ni cheo, sista aliyewapita masista wenzake. Mwingine alisema ni jina la kanisa. Sista alilitafuta kwenye simu, lakini simu ilitaka neno liandikwe kama linavyoandikwa, na mama mkwe hakuwa ameacha hata silabi moja mahali pake. Ikabidi afungue kamusi, ile nene ya darasani, aanze kushuka ukurasa kwa kidole. Alikutana na "dubious", kitu cha kutiliwa shaka. Akakutana na "dud", kifaa kisichofanya kazi, akamkumbuka fundi wake. Akakutana na "dupe", mtu aliyelaghaiwa. Kidole kikashuka mistari michache, kikasimama.

"Duplicitous." Ndumilakuwili. Mtu anayekuchekea usoni huku anakuchimba.

Akarudi haraka kwenye herufi ya I, na akaikuta "insolent" ikimsubiri: mjeuri, asiye na adabu kwa wakubwa. Na yeye alikuwa amempeleka bibi wa watu kutobolewa kidole.

Alirudi nyumbani amejaa maneno ya kuomba radhi. Mama mkwe alikuwa ameketi sebuleni, sinia ya mchele mapajani, anachambua.

"Mama," Sista alisema, "leo nimekutana na lile neno."

"Lipi?"

"La asubuhi."

"Aa." Mama mkwe alitupa kijiwe kando. "Limekukaa?"

"Limenikaa."

"Vizuri. Mwalimu alisema litakukaa."

"Mama, nisamehe. Nilikuwa..."

"Nikusamehe kwa kosa gani? Si uliniambia ni mama wa heshima zake?" Mama mkwe aliutikisa mchele, macho hayakutoka kwenye sinia. "Kesho lipo jingine. Mwalimu amestaafu, hana kazi, anayo mengi."

Ndivyo vita vilivyoanza, ikiwa vilikuwa vita. Kila asubuhi mwalimu mkuu mstaafu alipita kwenye wavu akaacha neno, na kila asubuhi mama mkwe alilivunjavunja na kumkabidhi mkwe wake. "Silavuni" lilimtoa jasho mpaka akaligundua ni "slovenly", mtu hovyo asiyejipenda, na siku hiyo ndiyo pekee aliyokwenda kazini bila kupiga pasi. "Inkorijibo" alilitafuta akipitia maneno mengine chungu nzima njiani, na alipolipata kuwa ni "incorrigible", mtu asiyerekebishika, alikuwa ameshaokota mengi mengine asiyoyahitaji. Naye hakukaa kimya. Jioni alirudi na la kujibu, akalisema kwa tabasamu, na mama mkwe akalibeba kesho yake hadi kwenye wavu kutafsiriwa. Ikawa kila mmoja anamsubiri mwenzake. Sista akichelewa kutoka zamu, mama mkwe alikuwa akichungulia dirishani.

"Hivi nyinyi mnagombana au mnasoma?" Fundi aliuliza siku moja, bisibisi mkononi.

"Tunasoma," wakajibu pamoja.

Profesa alishangaa. Mwanafunzi aliyeanza na maneno mawili sasa alikuwa anamsahihisha. "Unasoma na nani nyumbani?" alimuuliza.

"Na mama mkwe."

"Ana bahati mtu mwenye mama mkwe msomi," Profesa alisema, na Sista hakuona haja ya kumsahihisha kwa hilo.

Siku ya mtihani ikafika. Kusoma alisoma, kuandika akaandika. Kusikiliza kulimchanganya, kwa sababu waliozungumza kwenye kinasa sauti walizungumza kama watu wanaofukuzwa. Mwisho akaingizwa kwenye chumba kidogo cha mazungumzo. Mtahini alikuwa mama mwenye mafua, boksi la tishu upande mmoja na kifaa cha kurekodi upande wa pili. Akamsogezea kadi.

Kadi ilisema: elezea mtu mzima katika familia yako unayemheshimu. Ni mtu wa namna gani, na umejifunza nini kwake.

Sista aliisoma mara mbili. Akafungua ghala la kichwani kutafuta neno la mtu mkarimu. Halikuwepo. Akatafuta la mpole, akatafuta la mwenye subira. Rafu zile zilikuwa tupu. Kwenye zile nyingine maneno yalikuwa yamebanana, yamepangwa, yanang'aa, na yote yalikuwa matusi. Kifaa cha kurekodi kilikuwa kinawaka taa nyekundu. Kurudi kwenye "very nice" hakuweza. Mdomo wenyewe ulikataa.

Basi akayatoa aliyokuwa nayo. Alisema mama mkwe wake ni mwanamke cantankerous, tena haombi radhi kwa hilo. Alisema ni obstinate kiasi kwamba daktari wa macho alipomwambia apumzike, daktari ndiye aliyechoka. Alisema ni inquisitive, hakuna mkoba salama ndani ya nyumba, na ndiye aliyegundua chini kabisa ndani ya mkoba wa Sista barua ya majibu ya hospitali ambayo mwenyewe aliogopa kuifungua, akamkalia mpaka akaifungua, na ilikuwa salama. Alisema ni garrulous, na kwamba siku moja tu aliyokwenda kulala kwa dada yake, nyumba ilikuwa kimya hadi yeye na mumewe wakawasha redio bila kuisikiliza. Kadiri alivyoendelea, maneno yale makali yalikuwa yanamgeukia mdomoni. Aliyasema yaleyale, lakini yalitoka na kitu kingine ndani yake, na hilo lilimshtua yeye kuliko aliyemsikiliza.

Mtahini alikuwa ameshika tishu usoni, mabega yanacheza. Sista hakujua kama ni mafua. "Na wewe," aliuliza alipopata sauti, "ungependa kuwa kama yeye?"

"Nimeshaanza," Sista alijibu kwa Kiingereza. "Mume wangu anasema ugonjwa wenyewe umeshaingia."

Nyumbani mama mkwe alikuwa amesimama mlangoni, jambo ambalo hakuwahi kulifanya kwa mtu. "Wamekuuliza nini?"

"Wameniuliza habari zako."

"Mimi wamenijulia wapi?"

"Waliuliza mtu mzima ninayemheshimu."

"Ukasemaje?"

Sista akakaa, akavua viatu, akamweleza yote. Safari hii alitafsiri kila neno sawasawa, bila kuongeza sukari. Mama mkwe alisikiliza, mikono juu ya mapaja, kama alivyomsikiliza mwalimu siku ya sherehe. Fundi alikuwa amesimamisha kazi, anangoja mlipuko.

"Na lile kantankarasi ulilisema?"

"Ndilo nililoanza nalo."

"Na dupulisita?"

"Hilo nililiacha, Mama. Hilo ni langu."

Kona ya mdomo wa mama mkwe ilisogea. "Hukuwaambia kuhusu uzuri wangu nilipokuwa msichana?"

"Muda uliisha."

"Muda uliisha," mama mkwe alisema kwa mwanawe, kana kwamba anamshitakia. "Wamemsikia akinitukana saa nzima, kufika kwenye uzuri muda unaisha." Akainuka kwenda jikoni kumpakulia, na wakamsikia huko akicheka peke yake, kicheko kirefu ambacho hakuwa amekitoa tangu aje.

Matokeo yalikuja Sista akiwa zamu, yakafika kwenye simu ya Fundi, naye akamwambia mama yake, kisha akaenda kumchukua mkewe hospitalini na gari la kazi, jokofu la mtu bado liko nyuma. Alikuwa amefaulu. Kufikia wanaingia mlangoni, mama mkwe alikuwa ameshatangaza ushindi upande wa pili wa wavu, na alivyoueleza ni kama kwamba mtihani aliufanya yeye. Akataka asomewe alama, moja baada ya nyingine, taratibu.

Fundi akasoma. Mazungumzo: juu sana, na maoni kwamba msamiati ni mpana na wa kipekee. Kuandika: vizuri. Kusoma: vizuri. Akasita kidogo kwenye ya mwisho.

"Kusikiliza," alisema, "amepita kwa kusukumwa."

"Hiyo," mama mkwe alisema, "wangeniuliza mimi, ningewaambia bila mtihani."